Nani Alipewa Nafasi ya Kusema Rungwe?

Historia ya kuzungumza papo kwa papo kwa kawaida husimuliwa kuanzia mbali: Ralph Smedley, jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, mwaka 1924, na klabu ya Toastmasters iliyozaliwa pale. Katika mikutano yao kuna kipindi cha maswali ya ghafla. Mwongozaji anatoa swali, anamwita mtu, na aliyeitwa ana dakika moja au mbili tu. Klabu ninayohudhuria hapa Tukuyu inafuata mtindo huohuo. Lakini zamu ya kuongoza ikinifikia, mimi huwaza shule nyingine, ya hapahapa Rungwe, ambayo haikumngoja Smedley.

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi wilayani hapa wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Walikuta vijiji vya marika. Mvulana akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa wazazi na kwenda kujenga kibanda pamoja na wenzake pembeni ya kijiji cha baba zao. Walikula kwa zamu, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakikua, walioa na kuendelea kuishi pamoja. Kukaa huko kwa kula, kunywa na kuongea na wa rika lako kuliitwa ukwangala, na Monica Wilson alikiandikia kitabu kizima, Good Company, kilichotoka 1951. Hekima, kwa maoni ya wenyeji wake, haikupatikana kwa kuhutubiwa; ilipatikana kwa kubishana na wenzako.

Hilo ni somo kubwa kwa mwongozaji. Ukiuliza "Demokrasia ni nini?", watu wanainamisha vichwa. Uliza "Nani apange bei ya mkungu wa ndizi, mkulima au mwenye lori?", uone kama yule wa nyuma kabisa hatanyanyuka!

Sasa basi, tusiisifie shule ile kupita kiasi. Msichana hakuwa na kijiji cha rika lake. Aliolewa mapema, mara nyingi na mwanamume aliyemzidi sana umri, akahamia kijiji cha mume, mbali na wale aliokua nao. Baraza la kunoa ulimi lilikuwa la kaka zake. Mwaka 1977 Monica Wilson alirudi kwenye suala hili katika kitabu kingine, safari hii akifuatilia mabadiliko kati ya vizazi, na kati ya wanaume na wanawake, kuanzia 1875 hadi 1971. Jina lake linatosha: For Men and Elders, yaani kwa ajili ya wanaume na wazee.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa eti wanawake na vijana wetu wana aibu ya asili. Mtu asiyepewa zamu atazoea wapi? Na zamu ina mpangilio wake. Ukimwita mzee kwanza, wanaofuata hurudia aliyoyasema, kwa adabu tu. Kwa hiyo mimi huanza na binti mdogo kuliko wote ukumbini, kisha mama, kisha vijana wa kiume. Mzee namwekea neno la mwisho. Heshima yake haipungui, na wakati huo anakuwa amewasikiliza wote.