Gorogoro, Girya na Kinu cha Wafungwa: Historia Fupi ya Vyuma vya Mazoezi Nyumbani

Najua niliahidi kuendelea na ile makala ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri kidogo. Mwezi uliopita nilipimwa presha nikaambiwa ni 148 kwa 96. Nina miaka 28. Baba yangu alipata kiharusi mwaka juzi akiwa na miaka 57, na mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kikombe. Kwa hiyo daktari aliponiuliza nafanya kazi gani, nilimjibu kwa sauti ndogo: naandika programu. "Unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku?" Sikutaka kuhesabu mbele yake.

Nilirudi nyumbani, hapa Nakuru, nikafanya kile anachofanya mtu wa tarakilishi akiogopa: nikafungua kurasa ishirini kwenye kivinjari nikaanza kutafuta vifaa vya mazoezi. Bajeti yangu ilikuwa shilingi 10,000. Kufikia saa sita usiku sikuwa nimenunua chochote, ila nilikuwa nimezama katika historia ya vifaa vyenyewe. Ajabu iliyonikosesha usingizi ni hii: vingi kati yake ukivifuata nyuma vinakurudisha kwenye nafaka. Na sisi wa Nakuru, mji wa maghala na vinu vya unga, nafaka tunaijua.

Tuanze na tredimili, kwa sababu ndiyo kila mtu huitaja kwanza. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, wafungwa walikanyage kutwa nzima kama watu wanaopanda ngazi isiyofika juu. Kwenye magereza mengine gurudumu hilo liliunganishwa na mawe ya kusagia nafaka, ndipo jina la "kinu cha kukanyaga" likashika, na ndilo lililobaki kwa Kiingereza hadi leo. Katika gereza la Brixton, London, lilianza kazi mwaka 1821. Mwandishi Oscar Wilde alilikanyaga mwaka 1895. Baada ya sheria ya magereza ya 1898 adhabu hiyo ikaondolewa. Halafu ikapita miaka sabini hivi, daktari Mmarekani Kenneth Cooper akatoa kitabu chake Aerobics mwaka 1968 akihimiza watu kukimbia, na mhandisi mmoja wa New Jersey, William Staub, alipokisoma akatengeneza mashine ya bei nafuu ya kukimbilia nyumbani. Yaani kilichokuwa adhabu enzi za Wilde, leo unauziwa kwa mkopo wa miezi kumi na miwili!

Sikuinunua. Bei ilikuwa mbali na mfuko wangu, stima hapa kwetu hukatika bila hodi, na zaidi ya yote mimi naishi chini ya Menengai. Mji uko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingo wa kreta uko mita 2,278. Mtu aliye na mlima wa mita 400 nyuma ya mji atanunuaje mkanda wa kutembelea ndani ya chumba? Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968 bila kuona haja ya mkanda kama huo. (Mimi si Keino. Mara ya kwanza nilisimama mara saba kabla ya kufika juu.)

Kilichobaki ni vyuma. Hapa ndipo nilipomkumbuka mjomba.

Mjomba wangu alikuwa akipiga ngumi ujanani, kama vijana wengi wa Bondeni wa wakati wake. Nakuru ni mji wa ndondi, na jina kubwa kuliko yote ni Philip Waruinge, aliyeleta shaba ya Olimpiki ya 1968 pamoja na kombe la Val Barker la bondia mwenye mtindo bora kuliko wote wa michezo ile, kisha fedha kule Munich mwaka 1972. Vijana walitaka kuwa yeye. Jimu yenye vyuma vya kununua hawakuwa nayo, basi walitumia simiti. Nyuma ya nyumba ya mjomba mpaka leo kuna bomba la maji lenye mikebe miwili iliyojazwa zege, mmoja kila upande. Mikebe yenyewe ni ya mafuta ya kupikia ya kilo 2, ile ambayo sokoni inaitwa gorogoro na ndiyo inayopimia mahindi na maharagwe.

Sasa sikilizeni habari ya Urusi. Kile chuma cha duara chenye mpini juu, kinachouzwa siku hizi kwenye kila jimu ya kisasa, Warusi hukiita girya. Kilianza kama jiwe la mizani sokoni, la kupimia nafaka. Kipimo chao cha zamani kiliitwa pudi, nayo pudi moja ni kilo 16.38, ndiyo maana mpaka leo girya huja za kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Vijana wa sokoni walishindana kuzinyanyua, na mwaka 1885 daktari Vladislav Krayevsky akaanzisha chama cha wanyanyua uzito kule St Petersburg, mchezo ukapata heshima. Kwa hiyo Mrusi alichukua kipimo chake cha nafaka akakifanya kifaa cha mazoezi. Vijana wa Bondeni walichukua kipimo chao cha nafaka wakafanya vivyo hivyo, bila kuulizana. Tofauti ni kwamba cha Mrusi leo kinauzwa kwa maelfu, chetu kinachekwa.

Nilitaka kujua mikebe ya mjomba ina uzito gani. Nilitafuta gorogoro tupu, nikaijaza maji na kupima: lita 2 na robo hivi. Zege lina takriban kilo 2.3 hadi 2.4 kwa lita, basi nilitarajia kilo 5 na kitu kila mkebe. Nikaazima mizani ya duka. Mmoja ulikuwa kilo 5.2. Wa pili 4.6! Nilipougeuza nikaona chini yake umebonyezwa kwa ndani. Ukinunua mahindi sokoni unaujua ujanja huu, mfanyabiashara hugonga kitako cha mkebe ili ujae upesi. Mjomba aliupata mkebe uliokwisha kuibia wateja, akaujaza simiti, akaunyanyua upande wa kushoto kwa miaka mingi. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Na mimi nilidhani mkono wangu wa kulia ndio mvivu."

Niwape hesabu hiyo mtumie wenyewe: ujazo kwa lita mara 2.3. Mkebe wa rangi wa lita 4 utakupa kilo 9 na kidogo. Msijaze debe zima kwa hamu ya kwanza. Lita 18 ni zaidi ya kilo 40, na mpini wa mbao utakuangushia mguuni. Acheni zege likae wiki nzima kabla ya kulinyanyua, na mwagieni maji siku za mwanzo lisipasuke.

Vyuma vidogo vya mkono mmoja, dumbeli, vina hadithi yao. Jina la Kiingereza maana yake ni kengele bubu, na Joseph Addison alikuwa akiandika London mwaka 1711 kuhusu kufanya mazoezi nazo kila asubuhi. Nilicheka kwa sababu kengele ya shule yangu ya msingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na haikuwa bubu hata kidogo. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na vyuma vyake vya kwanza vilikuwa vya ratili 50 kwa yadi, sawa na kilo 25 hivi kwa mita. Vipande kama hivyo vimekuwa kengele za shule na fuawe za mafundi wa jua kali. Lakini usiende kukata reli ili upate dumbeli, tafadhali. Mnakumbuka Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Mafundi waaminifu nao waliumia, wakakosa malighafi.

Sasa ile baa ndefu yenye sahani za kuongeza na kupunguza. Zamani ncha zake zilikuwa tufe mbili, nyingine tupu ndani, unajaza mchanga au risasi ukitaka uzito zaidi. Mwaka 1902 Alan Calvert wa Philadelphia alianzisha kampuni ya Milo na kuwauzia watu wa kawaida baa ya kubadilisha uzito kwa njia ya posta. Baadaye Mjerumani Kaspar Berg akaleta baa ya sahani ambayo ncha zake huzunguka, na ikatumika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Baa ya wanaume ya mashindano leo ni kilo 20, urefu mita 2.2, na ncha zenye unene wa milimita 50.

Namba hiyo ya mwisho iwekeni akilini, kwa sababu ndiyo iliyonila pesa. Sahani za nyumbani nyingi hazina tundu la milimita 50, zina tundu dogo la 25 hadi 30. Ni vita vya viwango vilevile tunavyovijua kwenye waya za chaja. Nilinunua sahani nne za mitumba zenye tundu la milimita 28, kisha nikaenda kwa muuza vyuma nikaagiza bomba la inchi moja, nikijua inchi ni milimita 25.4. Nilifika nyumbani, sahani haziingii! Bomba la maji halipimwi kwa unene wa nje. "Inchi moja" lina milimita 33 hivi kwa nje. Nilichohitaji ni la robo tatu, ambalo nje yake ni kama milimita 26.7. Fundi wa jua kali aliyenichomelea vizuizi alilijua hilo kabla sijamaliza sentensi, na mimi nina digrii. Lile la inchi moja limepata kazi: limefungwa kati ya nguzo mbili, ndilo la kujivuta.

Kamba ya kuruka ndiyo rahisi kuliko vyote. Mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai Tanganyika, na kutoka hapo ukasambaa. Leo ukitoka Nakuru kwenda Baringo unaona mashamba ya mkonge ya Mogotio yakienda mpaka macho yachoke. Mita tatu za kamba ziligharimu pesa ya chai na mandazi.

Basi vifaa vyangu ni hivi: kamba, bomba la robo tatu na sahani nne, bomba la kujivuta, na Menengai mara tatu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki na siku mbili za kunyanyua, na hizo zinanitosha. Daktari amenionya jambo moja ambalo wenye presha mlisikie: usizuie pumzi unaponyanyua, maana presha hupanda ghafla. Wiki hii imesoma 139 kwa 90. Bado narudi kwake tarehe 15.

Jana baba, ambaye alikuwa akinitazama nyuma ya nyumba bila kusema neno, aliniuliza kama naweza kumtengenezea na yeye mkebe mdogo, wenye mpini mnene, wa ule mkono wake. Nilimpigia mtaalamu wake wa viungo kwanza, akakubali ila akasema tuanze chini kabisa. Sikutia simiti. Nimetia mchanga, naongeza kijiko kwa kijiko juu ya mizani. Kwa sasa tuko gramu 300.