NGUVU YA KUSHIKA: MKONO ULIOPOOZA KATIKA HISTORIA NA FIQHI YETU

 

Baada ya darsa ya Alfajiri katika msikiti mmoja hapa Bagara, mjini Babati, kijana mmoja alituuliza juu ya baba yake aliyepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia wa mzee umelegea, na nyumbani wameacha kuuosha katika udhu kwa kuwa, kama alivyosema, mkono ule umeshakufa. Tulimjibu hapo hapo kwamba ni wajibu uoshwe. Lakini swali lake lilitukaa moyoni, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko udhu. Ni nani aliyetwambia kuwa mkono uliopooza umekufa? Tumeona turejee kwa waliotutangulia, tutazame wao waliuangaliaje mkono wa namna hii.

Talha na Aban

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Talha bin Ubaydillah (r.a.) alimkinga Mtume (s.a.w.) kwa mkono wake. Qays bin Abi Hazim, katika Taabiina, ameeleza kama alivyopokea Imam al-Bukhari kuwa aliuona mkono huo umepooza. Hicho hakikuwa kiharusi, lilikuwa jeraha. Lakini mkono usioshika ni mkono usioshika. Talha aliishi nao zaidi ya miaka 30. Alifanya biashara, alitoa sadaka, na Umar (r.a.) alimweka miongoni mwa watu sita wa shura ya kumchagua khalifa, mpaka alipouawa mwaka wa 36 Hijria (656). Umma haukumweka pembeni kwa sababu ya mkono wake.

Ama kiharusi chenyewe, Waarabu wakikiita falij, kilimpata Aban, mtoto wa Khalifa Uthman (r.a.), aliyewahi kuwa gavana wa Madina zama za Abdulmalik bin Marwan. Aban ndiye aliyepokea kutoka kwa baba yake hadithi ya dua ya asubuhi na jioni, kwamba mwenye kuisoma mara tatu hatadhuriwa na kitu. Alipopooza, mtu aliyeisikia hadithi hiyo kwake akawa anamkodolea macho. Imo katika Sunan Abi Dawud kwamba Aban alimuuliza anatazama nini, akaapa kuwa yeye hakumzulia Uthman uongo, wala Uthman hakumzulia Mtume (s.a.w.), ila siku ile alikasirika, akasahau kuisoma.

Tuzingatie hapa, ndugu zangu. Aban hakuona haya kutazamwa. Hakumtuhumu jirani kwa uchawi.  Baadaye, huko Basra, mwandishi mashuhuri al-Jahiz, aliyefariki mwaka wa 255 Hijria (869), naye alipooza nusu ya mwili uzeeni, na wanazuoni kama al-Mubarrad waliendelea kumzuru na kuchota elimu yake.

Mafakihi na manufaa ya mkono

Mafakihi walijiuliza: mkono ni kitu gani hasa? Jibu lao limo katika neno moja la Kiarabu, batsh, yaani kushika kwa nguvu. Katika Suratul A'raf, Allah anapowasuta waabudu masanamu, anauliza kama masanamu hayo yana mikono ya kushikia. Kwa hiyo wakasema kuwa manufaa ya mkono ni kushika. Diya ya nafsi ni ngamia 100, ya mkono mmoja ni ngamia 50, na ya kila kidole ni ngamia 10. Mtu akimpiga mwenziwe mkono ukapooza, hata kama umebaki mzima kwa kuutazama, diya yake ni kamili kama aliyeukata. Hivyo ndivyo sharia ilivyoithamini nguvu ya kushika.

Lakini mafakihi hao hao, walipofika katika mlango wa udhu, hawakusema kuwa mkono uliopooza si kiungo tena. Ni wajibu kuoshwa kama ule mzima. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria (1277), ameeleza katika al-Majmu' kuwa asiyeweza kujiosha atafute wa kumuosha, hata kwa ujira wa kawaida akiwa nao. Ama kuoshwa na mtu bila ya udhuru ni makuruhu. Na kanuni inayotawala mambo haya ni kwamba linalowezekana halianguki kwa sababu ya lisilowezekana. Basi mgonjwa anayeweza kujipaka maji mpaka kwenye kiwiko, na ajipake. Kilichobaki ndicho asaidiwe.

Waganga wa jana na wa leo

Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 428 Hijria (1037), aliieleza falij katika al-Qanun kuwa ni maradhi ya neva na ubongo, akaiweka katika mlango wa tiba. Sababu aliyoitaja, balghamu, leo haikubaliki. Sasa tunajua kuwa mshipa wa damu wa kichwani huziba au hupasuka, na kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Lakini njia aliyoishika ilikuwa sawa: ugonjwa una sababu, nasi tumeamrishwa tutafute dawa.

Katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, wilayani Hai, na pia Dar es Salaam, wataalamu waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi kuanzia mwaka 2003 hadi 2006. Kwa kusawazisha umri, walipata wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na majini au uchawi, na Hai wengi walitaja sababu za kawaida. Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Tunalokanusha ni kumzungusha mgonjwa kwa waganga wa ramli huku siku zake za kupona zinapita.

Siku hizo zina thamani, kwani sehemu kubwa ya nafuu ya mkono huja katika miezi ya mwanzo. Lakini mlango haufungwi hapo. Mwaka 2006 Marekani yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 222, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapooze na ambao mkono wao ulikuwa bado una mwendo kidogo. Waliovishwa glavu mkono mzima kwa wiki mbili, wakalazimika kuutumia ule dhaifu kwa mazoezi mengi, walipata nafuu kuwashinda waliopewa huduma ya kawaida. Mkono ulioachwa bila kazi huzidi kusahau kazi.

Nasaha yetu

Sisi, kwa huruma, hufanya kinyume. Tunamlisha mzee, tunamfunga vifungo vya kanzu, tunamshikia kopo la udhu, na mkono wake unabaki umekunjwa mapajani mpaka vidole vinakakamaa. Kushika si kubana tu, ni kubana na kuachia. Mpelekeni mapema hospitali, presha yake ipimwe na itibiwe, kisha mtaalamu wa tiba ya viungo awaonyeshe mazoezi yanayomfaa. Nyumbani, apewe kitambaa akikamue, maharage ayachambue. Na Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wahesabu tasbihi kwa vidole, kwani vidole vitaulizwa na vitasemeshwa. Naye mzee asaidiwe kuvikunja na kuvikunjua kimoja kimoja baada ya kila sala. Hiyo ni ibada, na kiungo nacho kinapata haki yake.

Yule kijana tulimwambia arudi nyumbani, auoshe mkono wa baba yake, kisha amuombe mzee ajaribu kukibana kidole chake. Akibana japo kidogo, ashukuru, na kesho amuombe tena. Asipobana, auoshe vile vile, na kesho amuombe tena.

Wallahu a'lam.