Kiporo cha Mboga na Uongo Mtamu wa Bombay

Samahanini kwa ukimya, chumba cha habari kilinibana. Leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee tumbo.

Juzi ilikuwa tarehe 27, na anayeujua mshahara wa ripota anajua tarehe hiyo huwa inakuwaje. Nimerudi geto saa nne usiku, nafunua sufuria: kabichi ya jana, viazi mbatata vitatu vya kuchemsha, karoti na njegere za kuhesabika. Kiporo kitupu! Pembeni skonzi nne. Nikakumbuka pav bhaji, chakula nilichofundishwa na mama mmoja wa Kihindi tuliyekuwa tukipanga naye jengo moja.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya mbili na hoho, acha mpaka nyanya ziwe rojo. Weka binzari, bizari nyembamba na pilipili. Kisha mwaga kiporo chako chote, ongeza maji kikombe kimoja, uponde kwa mwiko mpaka usijue tena kabichi ni ipi na karoti ni ipi. Malizia na siagi na ndimu. Pasua skonzi, zipake siagi, zibabue kwenye kikaango, halafu jaza. Hakuna nyama na hutaiulizia.

Sasa tuje kwenye historia, maana hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Jina "pav" linatokana na neno la Kireno la mkate. Wareno waliipata Bombay mwaka 1534, na mwaka 1661 wakakubali kuwapa Waingereza kama mahari ya binti yao wa kifalme. Wakaacha mikate, na wakaacha neno "batata". Sisi wa pwani hii, tuliotawaliwa na Wareno haohao, tunasema mbatata. Kumbe hatuko mbali!

Ila hadithi inayosimuliwa sana ni hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilifunga bandari za Kusini. Pamba ikaadimika Uingereza, bei ya pamba ya Bombay ikapaa, matajiri wakazaliwa kwa usiku mmoja. Wafanyabiashara, inasemekana, walikesha sokoni wakisubiri bei kwa simu ya maandishi kutoka Marekani. Njaa ikiwauma usiku wa manane, wauzaji wa mitaani wanaponda mboga zilizobaki na kuwapa kwa mkate.

Tamu, sivyo? Basi nikafanya kile tunachofundishwa kazini: nikalinganisha tarehe. Laini ya simu ya maandishi kati ya India na Ulaya ilikamilika mwaka 1865. Waya wa kudumu wa kuvuka Atlantiki ulianza kazi 1866. Vita vilikuwa vimeshakwisha! Bei ya pamba ilikuwa imeshaanguka na wengi wa wale matajiri wamefilisika. Hizo simu za usiku kutoka Marekani zilipitia wapi?

Vita vyenyewe havikuwa uongo, na hata huku vilitufikia. Kitambaa cha merikani kilichokuwa kikishuka Zanzibar kutoka Massachusetts kiliadimika, wengine wakachukua soko, na baadaye viwanda vya Bombay navyo vikajaza nafasi hiyo.

Kuna simulizi ya pili, isiyopendwa sana: kwamba chakula hiki ni cha vibarua wa viwanda hivyo vya nguo. Kiwanda cha kwanza cha pamba Bombay kilianzishwa 1854. Muda wa kula mfupi, mshahara kiduchu, wali na chapati vinataka nafasi ya kukaa. Mboga iliyopondwa ndani ya mkate inaliwa umesimama. Mimi naegemea huku, kwa sababu mwenye kula kiporo ni mwenye njaa na haraka, siyo mwenye hisa.

Na hapa ndipo panaponiuma. Januari 1982 vibarua wapatao 250,000 wa viwanda hivyo waligoma wakidai mishahara. Hawakushinda. Viwanda vingi vikafungwa, na vingine vimegeuzwa maduka makubwa ya kisasa. Humo ndani pav bhaji inauzwa, na anayeila anasimuliwa hadithi ya matajiri wa pamba. Kibarua kapoteza kazi, halafu kapokonywa hata chakula chake.

Tusiwacheke. Nani anaandika historia ya mama ntilie wetu? Nani aliyegundua chipsi mayai? Tukichelewa, miaka hamsini ijayo tutaambiwa iligunduliwa hotelini.

Skonzi zangu nne nilizimaliza zote, na asubuhi nikaenda kazini nimeshiba. Mnasemaje wadau? Kiporo cha kwenu kina historia gani? Karibuni tubishane.