Mgongo Wazi: Historia Fupi ya Samaki Katika Nchi ya Chai

Wakipsigis wa zamani hawakuwa watu wa samaki. Walikuwa watu wa ng'ombe, wimbi na mursik, na kilichoogelea mtoni kiliachwa kiogelee. Kwa hivyo ukipita soko la Kericho jioni ukaona watu wamezunguka karai la mbuta, jua unatazama historia ya kama miaka mia moja tu. Na si historia ya mapishi peke yake. Ardhi imo, kazi imo, na sumu pia imo.

Samaki wa kwanza wa mzungu katika nyanda za juu hawakuletwa ili sisi tule. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti wa Loch Leven, Scotland, kwenye Mto Gura kule Aberdare. Baadaye trauti wakafika mito baridi ya Kericho kama Kiptiget, walowezi wapate mchezo wa ndoano. Miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakashika ardhi hiyo kwa chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Yaani wenyeji walisukumwa ziwani, huku vibarua wa kutoka Nyanza wakipanda mlima kuchuma majani. Wengine wao walikuwa wamelelewa kwa samaki, wakaja na omena wao. Kambi za chai zikawa shule ya kula samaki.

Sasa chukua ramani. Maji ya Itare, Kiptiget na Yurith yanaungana kuwa Sondu-Miriu, yanaingia Ghuba ya Winam. Nyando nao unachota maji ya vilima vya Londiani na Kipkelion, unapita nchi ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, unaishia ghuba hiyo hiyo. Halafu samaki wa ghuba wanawekwa barafu, wanapakiwa kwenye gari, wanarudi Kericho. Mto unashuka, samaki wanapanda. Tunachomwaga juu kinaweza kurudi kwenye sahani.

Na tumemwaga nini? Mbolea ya fosfeti hubeba kadimiamu kidogo kidogo. Petroli yenye risasi ilichomwa kwenye barabara zetu hadi Kenya ilipoachana nayo mwaka 2006 ulipoanza. Ongeza betri kuukuu, oili ya gereji, majitaka ya miji. Metali nyingine zimo tu kwenye mwamba na udongo, tangu kabla ya chai. Lakini udongo ukikosa mti wa kuushika, hushuka na kila kitu kilichong'ang'ania ndani yake, na mwaka 2001 serikali ilikata kipande kikubwa cha msitu wa Mau na kukigawa.

Si ati hakuna aliyeangalia. Miaka ya 1980 Shem Wandiga na Onyari, wanakemia wa Kenya, walikuwa tayari wanapima risasi, kadimiamu na zinki kwenye tope na samaki wa Winam. Shida ni kwamba karatasi za wasomi hazifiki kwa mama samaki wala kwa mteja wake.

Wakati huo huo mbuta, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikuwa amegeuka pesa. Viwanda vikaanza kukata minofu na kuipeleka Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mifupa, kikauzwa hapa nyumbani kwa jina la mgongo wazi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, baada ya habari za watu kuvua kwa kutumia sumu. Hiyo ilikuwa dawa ya wadudu, si metali, lakini tulifunzwa kitu. Ukaguzi ukaimarishwa haraka ili minofu isafiri tena. Na mgongo wazi, nani aliupima?

Swali hili si la utani. Zebaki hukaa kwenye nyama, na huongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Risasi hupenda mifupa. Kadimiamu hukimbilia ini na figo. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi hata moja. Kule Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kuanzia 1932 hadi 1968. Paka ndio walianza kuyumba kama walevi, kisha watu wakafuata, na watoto wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Winam si Minamata. Vipimo vya zebaki ziwani mara nyingi vimetoka chini, na wa kuangaliwa zaidi ni mbuta wakubwa. Lakini kwa risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Bomet nao wana mto wao. Nyangores unapita mjini, unakutana na Amala, unakuwa Mara, unavuka hadi Tanzania jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2009 maji ya mgodi huo yalivuja hadi Mto Tigithe, na wanavijiji wakalalamika. Samaki walipokufa kwa wingi kwenye Mto Mara Machi 2022, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi walicheka. Mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa vipimo vya maji yake ataaminije jibu linalokuja siku samaki wameshaelea?

Hakuna haja ya kuacha samaki. Omena ni protini ya mtu asiye na pesa ya nyama, na mtoto anaihitaji. Mjamzito apunguze mbuta mkubwa sana, matumbo na matamvua yatupwe, samaki wabadilishwe badilishwe. Hayo tunaweza nyumbani. Lakini mashine ya kupima risasi haiko jikoni kwa mtu. Majani ya chai ya Kericho huonjwa na wataalamu kabla ya kupelekwa mnada wa Mombasa. Kaunti zetu mbili zikianza kupima mgongo wazi na omena sokoni, na kubandika majibu pale pale penye karai kwa lugha tunayoisoma, mnunuzi wa kawaida naye atakuwa amepewa heshima anayopewa mnywaji wa chai wa London.