Mkoba wa Barua Uliokaa Tabora

Mswahili hakai na mwenziwe kabla hajamwuliza habari. Habari za nyumbani, habari za kazi, habari za safari, habari za watoto. Hata akijibiwa "nzuri" mara nne mfululizo, bado ataketi na kungoja, kwa sababu anajua kwamba habari yenyewe huja baada ya salamu kwisha. Binadamu hajapata kuridhika na yale tu yanayotendeka mbele ya macho yake. Hutaka kujua na yale ya upande wa pili wa mlima na ng'ambo ya ziwa.

Sisi watu wa mwambao wa Tanganyika tumeishi mwisho wa njia kwa muda mrefu. Njia ya misafara ilikomea Ujiji, reli ya kati ikakomea Kigoma, na magazeti ya Dar es Salaam, kabla ya kufika kwetu, yalikuwa yamekwisha kusomwa na nusu ya nchi. Kwa hiyo jambo la kufuatilia habari kutoka mbali, bila kupoteza siku nzima na bila kupitwa na lililo muhimu, si geni kwetu. Vyombo vyake vimebadilika, lakini maswali yake ni yale yale: nani anakuletea habari, amezishika muda gani njiani, na nani amechagua ipi ikufikie?

Tuanze na misafara. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Ni miezi minane. Waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga hapo, wakinunua pembe na watumwa, na mji ukipata habari zake kwa vinywa vya wapagazi. Msafara ukiingia, milio ya bunduki ilisikika kutoka mbali, watu wakatoka, na kabla mizigo haijafunguliwa habari zilikuwa zimekwisha kufunguliwa: bei ya pembe Unguja, vita njiani, nani amekufa, nani ameoa.

Msafara mmoja unatosha kutufundisha somo zima. David Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869, akiwa mgonjwa. Aliandika barua nyingi kwenda pwani, na sehemu kubwa yake haikufika. Akavuka ziwa kwenda Manyema, akarudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa amedhoofika, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa. Siku chache baadaye akaingia Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Ulimwengu umekariri maneno ya salamu waliyopeana siku ile chini ya mwembe. Mimi huona kwamba jambo kubwa zaidi la siku ile ni lililofuata.

Katika msafara wa Stanley alikuwamo mtu aliyeitwa Kaif Halek. Jina hilo kwa Kiarabu ni kama kusema "hali gani", na kazi yake ilikuwa kuchukua mkoba wa barua za Livingstone kutoka Unguja. Mkoba uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulichelewa pwani, kisha ukafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ukakaa. Vita kati ya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimefunga njia, na wale waliokabidhiwa mizigo hawakuwa na la kuwaharakisha. Stanley alipopita Tabora alimwamuru Kaif Halek afuatane naye. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, mkoba ulimfikia mwenyewe siku 365 baada ya kuondoka Unguja.

Livingstone aliufungua, akasoma barua moja mbili za watoto wake, kisha akauweka magotini. Stanley alimhimiza asome zilizobaki. Mzee akakataa, alikwisha kuzoea kungoja, akataka kwanza aambiwe jinsi ulimwengu unavyokwenda. Ndipo Stanley akamsimulia: mfereji wa Suez umefunguliwa, reli imevuka Marekani toka bahari hadi bahari, Grant amekuwa rais, Ufaransa na Prussia zimepigana. Mfereji na reli vilikuwa vya mwaka 1869. Kwa Livingstone vilikuwa habari za leo.

Ndugu msomaji, tafakari mkoba ule. Haukuibiwa, wala haukuzama mtoni. Barua zote zilikuwamo, na jina la mwenyewe lilikuwa juu yake. Kilichokosekana ni mtu kati ya Tabora na Ujiji mwenye sababu ya kuufikisha. Habari inaweza kuwepo, ikawa ya kweli, ikawa imeandikwa kwa ajili yako hasa, na bado usiipate, kwa sababu imekaa mikononi mwa mtu ambaye shughuli zake ni nyingine. Huu ndio ugonjwa ambao kila zama zimejaribu kuutibu.

Wajerumani waliutibu kwa chuma. Reli yao iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250. Safari ya miezi ikawa ya siku. Meli yao Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, iliunganishwa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, na baada ya kuopolewa ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Toka hapo barua ya mtu wa Kasanga au wa Mpulungu ilikuwa na ratiba, na ratiba ni nusu ya habari: ukijua siku ya meli, huna haja ya kushinda gatini kila siku.

Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la kila mwezi. Wazee walilipenda kwa sababu lilikusanya mahali pamoja habari za miji mingi, zikiletwa na waandishi wa huko huko. Mtu mmoja hakuweza kuzunguka Tanga, Tukuyu, Bukoba na Ujiji, gazeti lilimzungukia. Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza mwaka 1957. Tuliokua wakati wa Radio Tanzania tunakumbuka jinsi nyumba ilivyonyamaza saa ya taarifa ya habari, na zaidi saa ya matangazo ya vifo. Hapo hata mtoto mtundu alijua kwamba jina la mtu wa ukoo wake linaweza kutajwa.

Na tusiwasahau wageni wetu. Vita vya Zaire vya mwaka 1996 vilipowavusha maelfu ya watu ziwani, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kasulu, swali la kwanza la wengi lilikuwa, "Mama yangu yuko wapi?" Msalaba Mwekundu walipeleka karatasi fupi zisizofungwa kwa gundi, zenye habari za familia tu, bila siasa. Mtu aliyepata karatasi ile yenye mistari michache hakuuliza kwa nini si ndefu. Ilitoka kwa aliyemtafuta, ikamfikia yeye. Basi.

Sasa tuje kwenye mtandao. Tovuti zilipozidi kuwa nyingi katika miaka ya 1990, msomaji alirudi kuwa kama mtu anayeshinda gatini bila kujua siku ya meli: afungue tovuti hii, hakuna jipya, ile, hakuna jipya, ya tatu, kulikuwa na jipya juzi nalo limekwisha kushuka chini. Mwaka 1999 wahandisi wa kampuni ya Netscape walibuni utaratibu unaoitwa RSS. Maana yake ni nyepesi. Tovuti huweka faili dogo lenye orodha ya mambo yake mapya: kichwa cha habari, tarehe, muhtasari na anwani ya kuisoma. Huo ndio mlisho. Wengine huuita mpasho, ingawa si mipasho ile ya taarabu. Nawe unakuwa na programu ya kusomea milisho, unaipa anwani za tovuti unazozitaka, nayo huzizungukia kila baada ya muda na kukuletea yaliyo mapya tu, kwa mfuatano wa tarehe. Programu hiyo ni Kaif Halek wako: inakwenda, inachukua, inarudi, na haikai Tabora.

Google walikuwa na programu yao ya namna hiyo, Google Reader, toka mwaka 2005. Waliifunga tarehe 1 Julai 2013, wakisema watumiaji wamepungua. Wengi walikwisha kuhamia Facebook na Twitter, ambayo toka mwaka 2023 inaitwa X. Huko mambo yalionekana rahisi zaidi: unamfuata mtu au taasisi, na habari zinakujia pamoja na picha, mabishano na vichekesho. Lakini hapa ndipo penye tofauti ambayo haifai kufichwa. Katika mlisho, wewe ndiye unayechagua na tarehe ndiyo inayopanga. Katika mitandao ya kijamii, kampuni ndiyo inayopanga, na hupanga kwa faida yake: lile litakalokuweka muda mrefu zaidi huletwa mbele. Tangazo ulilolihitaji limewekwa, lipo, jina lako uliliandikisha ulipobonyeza "fuata". Nalo limekaa Tabora.

Mwanamke mmoja mwuza dagaa wa Kibirizi alinieleza jambo hili kuliko vitabu. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mwenye mtaji wa mkopo, tarehe hizo mbili ni uhai.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Habari ya ziwa kufungwa niliipata kwenye simu mara saba, na kila mara tarehe yake nyingine."

"Marahaba mwanangu. Na ipi uliishika?"

"Niliyoipata kwa karani wa mwaloni. Yeye aliisoma ilikotoka."

Ilikotoka! Neno hilo moja ndilo linalogawa ujuzi na uvumi. Hakukosa habari yule mama, alizidiwa nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona hata habari bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Mimi daftari langu nimelipanga hivi. Nina tovuti zisizozidi ishirini katika programu ya kusomea milisho. Nimezigawa mafungu matatu: za kusoma kila asubuhi, ambazo ni nne tu, za kila Jumamosi, na zile zinazoandika mara moja kwa miezi, ambazo ndizo mlisho unazifaa kuliko zote, kwa kuwa hakuna mtu anayekumbuka kuzitembelea. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa programu ya WordPress zina mlisho hata kama haukutangazwa. Mara nyingi ukiongeza neno "feed" mwishoni mwa anwani, utaupata. Kwa taasisi isiyo na mlisho, hapo natumia mitandao ya kijamii, lakini kama kengele tu. Ikilia, naenda kwenye tovuti yenyewe nisome ilikotoka. Akaunti hizo nimeziweka katika orodha ya peke yake, zisichanganyike na ya harusi na ya mpira. Na kila mwisho wa mwezi naondoa moja ambayo sikuisoma.

Faida nyingine ni ya watu wa ziwani hasa. Mlisho huleta maandishi zaidi kuliko video, kwa hiyo haumalizi kifurushi. Programu nyingi huyahifadhi yale iliyoyaleta, ukayasoma hata pasipo mtandao. Atakayepanda boti ya kwenda Mahale na ayavute akiwa bado Kigoma mjini.

Pana na jambo la kutotegemea mlango mmoja. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29 mwaka huo huo, intaneti yenyewe ilizimwa. Mlisho nao hauna dawa ya intaneti iliyozimwa. Siku hizo redio ilirudi mezani, na jirani akarudi kuwa gazeti. Lakini mlango mmoja ukifungwa, mwenye anwani za tovuti anazozijua kwa majina hupata njia nyingine upesi kuliko aliyezoea kuletewa kila kitu na kampuni moja. Kaif Halek alipokuta njia ya moja kwa moja imefungwa na vita, msafara ulizunguka kusini, ukavuka Malagarasi, ukafika. Ulifika kwa sababu waliokuwamo walijua wanakokwenda.

Vijana wengine huniambia kwamba haya ni mambo ya wazee, kwamba habari ikiwa muhimu itakufikia yenyewe. Historia ya mwambao huu haikubaliani nao. Mkoba wa Livingstone ulikuwa muhimu, na haukujifikisha. Barua zake za kwenda pwani zilikuwa muhimu, na hazikujifikisha. Karatasi ya mkimbizi ilifika kwa sababu mtu mmoja aliandika jina, na mwingine akaenda kambini kumwita mwenye jina. Habari haina miguu. Hutembea kwa miguu ya anayeitafuta, au kwa miguu ya mwenye haja nayo. Hasara ni kuketi kungoja kwa miguu ya mwenye haja nyingine.

Kwa hiyo anayetaka kuijua dunia bila kumezwa nayo na afanye kazi ndogo ya kwanza: achukue karatasi, aandike majina ya mahali kumi ambako angependa habari zake zimfikie bila kukawizwa. Akikosa kumi, hata matano yanatosha. Kuyaingiza katika simu ni kazi ya dakika chache, na mtoto yeyote wa sekondari atamsaidia. Kuyachagua ndiyo kazi yenyewe, na hiyo hakuna wa kumfanyia.