Vijumba na magari madogo ya kuunganisha nyumbani: faida zake, na kipande kimoja cha kuogopa

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto mkubwa anayependa kuunda vitu vidogo, na kuna mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni, basi soma ukurasa huu mpaka mwisho. Kazi hii ya mikono ni nzuri kwa wote wawili, lakini meza lazima ipangwe kwa kumfikiria yule mdogo.

Kwa ufupi

- Kuunda vitu vidogo hutuliza akili, hufunza subira na humpa mtoto kitu cha kukamilisha.
- Vipande vidogo vinaweza kumkwama kooni mtoto wa chini ya miaka 3.
- Betri ndogo ya duara, ile ya saa, ikimezwa inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa 2. Usingoje dalili. Nenda hospitali mara moja.

Mazoea haya yalivyoingia nyumbani

Wengi wetu tulianza wakati wa korona. Hapa Kenya shule zilifungwa Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi huo kafyu ikaanza, kutoka saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Sisi wa Mombasa, kuanzia tarehe 8 Aprili hadi 7 Julai, hatukuruhusiwa kutoka wala kuingia kaunti yetu. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na watoto wote wakarudi Januari 2021. Ni miezi mingi kwa mtoto kukaa ndani ya vyumba viwili.

Wenye uwezo waliagiza seti za vijumba vya kuunganisha. Ni sanduku lenye mbao nyembamba zilizokatwa tayari, vitambaa, shanga, gundi na taa ndogo. Seti nyingi ziko katika kipimo cha 1:24, yaani kila sentimita 24 za kitu halisi zinakuwa sentimita 1. Mlango wa mita 2 unakuwa kama sentimita 8, na kikombe cha chai kinakuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Wasiokuwa na uwezo walifanya walichofanya watoto wa pwani tangu zamani: gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, mashua iliyochongwa kwa ndara kuukuu na kutiwa tanga la mfuko wa nailoni.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini mazoea yamebaki, na vile vijumba pia. Pengine kwako kuna kimoja juu ya kabati, na betri bado imo ndani.

Kazi hii inamsaidia nani, na kwa njia gani?

*Mtoto.* Kushika kipande kidogo, kukigeuza na kukipachika mahali pake hukomaza vidole na macho. Ni vidole hivyo hivyo vinavyoshika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Pia humfunza kuvunjikiwa na kuanza tena bila kulia.

*Mama au mlezi.* Akili yenye hofu huzunguka pale pale. Mikono ikiwa na kazi inayotaka uangalifu, akili hupata mahali pa kutua. Mimi mwenyewe, baada ya kutwa nzima ya kuwafuata wagonjwa majumbani nikiwa na barakoa, nilikuwa nakaa na mwanangu nusu saa tukibandika paa. Sikuwa nimechoka kidogo, lakini nililala vizuri zaidi.

*Wote pamoja.* Mtoto ambaye hasemi lolote ukimketisha umuulize "una nini?", mara nyingi husema yote mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa mezani. Usimkatize. Endelea kukata karatasi na umsikilize.

Hii si dawa ya ugonjwa wa akili. Mtoto au mlezi ambaye kwa wiki mbili au zaidi hali vizuri, halali, amejitenga, au anazungumza juu ya kufa, apelekwe kituo cha afya. Akizungumza juu ya kufa, usingoje hizo wiki mbili. Mtoto anayeteswa au anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anaweza kupiga 116 bila malipo.

Betri ya saa: kipande cha kuogopa kuliko vyote

Taa za vijumba vingi hutumia betri bapa ya duara, kama sarafu. Kubwa yake huwa na upana wa milimita 20, na kwa mtoto mdogo ukubwa huo unatosha kukwama katikati ya koo la chakula.

Betri hiyo haihitaji kupasuka ili idhuru. Ikikwama penye mate, umeme wake huanza kupita kwenye nyama laini, na mahali hapo hutengeneka maji makali yanayochoma kama dawa ya kuzibulia mabomba. Kuungua vibaya kunaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri "iliyokwisha", isiyoweza tena kuwasha taa, bado ina nguvu ya kutosha kuchoma.

Katika miezi ile ya kafyu nililetewa mtoto wa kike wa mwaka na nusu. Kwa siku mbili alikuwa akikohoa, anatoa udenda na kukataa uji. Mama yake alidhani ni korona, na aliogopa kwenda hospitali asije akatengwa na mwanawe. Kaka wa mtoto alikuwa amejenga kijumba chenye taa, na hakuna aliyeona kwamba taa haiwaki tena. Nilipouliza, "Nyumbani kuna kitu chochote chenye betri?", mama alinyamaza, kisha akashika kichwa. Picha ya eksirei ilionyesha kitu cha duara kooni. Betri ilitolewa na mtoto yuko hai, alhamdulillahi, lakini koo lake lilibaki na kovu lililolibana, na ilibidi arudishwe hospitali mara nyingi lipanuliwe. Mama yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na ndiyo sababu nakuambia wewe.

*Dalili zinazoweza kutokea:* udenda mwingi, kukataa chakula, kutapika, kikohozi, sauti kukwaruza, maumivu ya kifua au tumbo, damu kwenye matapishi au choo. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote.

*Ukishuku tu kwamba amemeza:*

1. Nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi, hata kama ni usiku. Sema waziwazi mlangoni: "Nashuku amemeza betri." Usikubali kupanga foleni.
2. Usimtapishe.
3. Usimpe chakula, maji wala maziwa. Jambo moja tu linaruhusiwa: ikiwa amepita mwaka 1, anameza vizuri, hazijapita saa 12, na asali iko hapo nyumbani, mpe vijiko 2 vidogo kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Asali hupunguza ukali wa kuungua lakini haitibu. Usipoteze muda kwenda kuitafuta dukani. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa.
4. Ikiwa kuna betri nyingine kama ile, au karatasi yake, ichukue uende nayo.

Betri ikiingia puani au sikioni pia ni dharura. Usitie mafuta wala matone ya dawa. Nenda hospitali.

Baada ya betri kutolewa, hatari haijaisha. Damu inaweza kutoka siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye. Mtoto akitapika damu au akipata choo cheusi, mrudishe mara moja.

Vipande vingine vidogo

*Shanga, misumari midogo, vikombe vya mapambo.* Chukua lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya choo ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkwama kooni mtoto wa chini ya miaka 3.

*Sumaku.* Mbili zikimezwa huvutana zikiwa tumboni, zikabana utumbo katikati na kuutoboa. Nenda hospitali hata kama mtoto anacheza kama kawaida.

*Mtoto akikwamwa kooni:* akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, piga kelele upate msaada na uanze hivi:

- *Chini ya mwaka 1:* mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Mpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze, mbonyeze mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili.
- *Zaidi ya mwaka 1:* mwinamishe mbele, mpige mara 5 kati ya mabega. Kisha simama nyuma yake, funga ngumi juu ya kitovu chake, vuta ndani na juu mara 5.

Rudia kwa zamu hadi kitu kitoke. Akizimia, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi kama unajua, huku mkikimbilia hospitali. Usichokore kooni kwa kidole ikiwa huoni kitu, kwa kuwa utakisukuma ndani zaidi.

Gundi, wembe na waya

*Supa gluu.* Vidole vikishikana, usivute. Loweka kwenye maji vuguvugu ya sabuni, kisha viachanishe polepole. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi kwa wingi kwa dakika 15, usilazimishe kope kufunguka, na uende kliniki. Usiifute kwa pamba, kwani ikikutana na pamba hupata joto na inaweza kuunguza.

*Gundi ya fundi viatu.* Usimpe mtoto. Mvuke wake unalevya na unadhuru ubongo.

*Wembe na kisu.* Mkubwa ndiye akate. Mkikatika, osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha bana kwa kitambaa safi. Kidonda kirefu au chenye uchafu kionwe kliniki, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

*Waya.* Kunja kila ncha irudi ndani. Ncha ya waya na jicho la mtoto viko kimo kimoja.

*Vitu vya jalalani.* Kadibodi, vifuniko na ndara ni sawa vikioshwa. Betri za magari na vipande vyake hapana, kwa sababu vina madini ya risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, wanajua madini hayo yalivyowadhuru watoto.

Kupanga meza

- Angalia umri ulioandikwa kwenye sanduku. Seti nyingi za vijumba zimeandikwa 14+. Mdogo zaidi ya hapo afanye pamoja na mtu mzima.
- Fanyeni kazi wakati mdogo amelala, juu ya sinia lenye ukingo. Kipande kikianguka, kitaangukia sinia.
- Hesabuni vipande mkianza na mkimaliza. Mtoto mkubwa ndiye awe mhesabu, naye ataipenda kazi hiyo.
- Tumia taa zenye kifuniko cha betri kinachofungwa kwa skrubu. Kikiwa hakina skrubu, ondoa betri kabisa, kijumba kibaki bila taa.
- Betri iliyoisha izungushie selotepu pande zote mbili na uitupe pale ambapo mtoto hafiki.
- Fungua dirisha mnapotumia gundi au rangi, na kila nusu saa simameni, nyosheni shingo, tazameni mbali.

Bila kununua chochote

Gundi ya karatasi unaweza kuipika: unga wa ngano robo kikombe na maji kikombe kimoja. Koroga yakiwa baridi yasifanye madonge, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka izito kama uji. Inafaa kwa karatasi na kadibodi, na hukaa siku mbili tatu. Kwa boksi la maziwa, vijiti na gundi hiyo mtoto anaweza kujenga nyumba ya bibi yake, na mlango wake aupime yeye mwenyewe kwa rula.

Leo, kabla hujalala, zunguka nyumbani na utafute kila kitu chenye betri ya saa: kijumba, rimoti, kadi inayoimba, mzani wa jikoni, kichezeo kinachowaka. Kisichofungwa kwa skrubu, kitoe betri au kiweke juu. Kisha mweleze jirani yako mwenye mtoto mdogo.