Hewa Iliyofungwa Ndani ya Chaki

Katika Ulaya ya karne ya 18, maji ya chokaa yalikuwa dawa. Mgonjwa mwenye mawe ya kibofu aliyanywa kwa matumaini kwamba mawe yatayeyuka. Mjini Edinburgh, Uskoti, maprofesa wawili, Robert Whytt na Charles Alston, walivutana: ipi bora, chokaa ya makombe ya chaza au chokaa ya mawe? Joseph Black, mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1728, hakutaka kuwa nyasi chini ya fahali hao. Tasnifu yake ya mwaka 1754 akaielekeza kwenye magnesia, unga mweupe uliotumiwa kutuliza tumbo.

Unga huo ulitoa povu ulipotiwa asidi. Povu lenyewe halikuwa jambo geni. Watu walikuwa wameliona tangu kale kila siki ilipogusa chaki au kombe. Kigeni kilikuwa mizani ya Black. Aliichoma magnesia, ikapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na maji machache aliyoyakusanya hayakutosha kueleza upungufu ule. Kisha akaitia asidi. Ikayeyuka bila povu. Kumbe kilichotoroka motoni ndicho kilekile kilichokuwa kikitoka kwenye asidi, nacho kilikuwa hewa.

Jaribio lake la chaki, lililochapishwa mwaka 1756, linastahili kusimuliwa polepole. Alichukua grani 120 za chaki, karibu gramu 8, akazichoma mpaka zikawa chokaa kali. Zikabaki grani 68. Chokaa hiyo akaisaga, akaitia katika maji yenye chumvi ya majivu, akaiosha, akaikausha na kuipima tena: grani 118. Ilikuwa imerudi kuwa chaki! Hewa ilikuwa imehama kutoka kwenye chumvi ya majivu na kuingia kwenye chokaa. Wataalamu wengi wakati huo waliamini kwamba ukali wa chokaa hutokana na moto unaoipenya tanurini. Mizani ikasema vingine: chokaa ni kali kwa sababu ya kile kilichoitoka. Leo tunajua kwamba chaki safi ikichomwa hupoteza asilimia 44 ya uzito wake. Ya Black ilipoteza 43. Ni usahihi wa kustaajabisha.

Hewa hiyo Black aliiita hewa iliyofungwa. Sisi twaiita hewa ukaa. Asidi inapokutana na kabonati, haidrojeni yake huungana na kabonati hiyo kuwa asidi ya kaboni, ambayo haidumu: huvunjika ikawa maji na hewa ukaa. Kinachosalia ni chumvi. Black aligundua pia kwamba maji ya chokaa yakipulizwa pumzi hugeuka meupe kama maziwa, na kipimo hicho bado kinafundishwa katika maabara za shule.

Biashara haikuchelewa. Mwaka 1772 Joseph Priestley, aliyewahi kuishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, alichapisha kijitabu cha kufundisha namna ya kutia hewa hiyo ndani ya maji, akiipata kwa kumwagia chaki asidi ya salfa. Miaka 11 baadaye Jacob Schweppe akaanza kuuza maji ya namna hiyo Geneva.

Afrika Mashariki ina hazina yake ya kabonati. Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, limejaa magadi, mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mlima Ol Doinyo Lengai ndio volkano hai pekee duniani inayotema lava ya kabonati. Kipande cha magadi ya kulainishia maharage jikoni, kikikamuliwa ndimu, hutoa povu lilelile alilolichunguza Black. Wanajiolojia nao hutembea na kichupa cha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa: tone moja juu ya jiwe la chokaa au tumbawe huchemka papo hapo, ilhali dolomiti huhitaji kwanza kukwaruzwa iwe unga.